Mbao Ambazo Mzee Mwinshehe Hakuzipigilia

Nilidhani Mzee Mwinshehe anaiogopa kazi. Naona ni afadhali nilitaje hilo mwanzoni kabisa, ili msomaji ajue kwamba habari za seremala huyu zimeandikwa na mtu ambaye hakumwelewa upesi, na ambaye hata leo hana hakika kwamba amemwelewa vya kutosha. Kwa zaidi ya wiki moja nilimtazama akishika ubao na kuurudisha chini. Mara mbao zilikuwa mbichi, mara sindano ya keekee ya kutobolea mbao ilikuwa imevunjika, mara kulikuwa na harusi ya mpwa wake huko Masanze. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari, na nimezoea kuridhika na sababu iliyo karibu zaidi na macho. Nikahitimisha kwamba mzee alizoea milango na madawati, vitu vinavyokaa mahali pamoja, na kwamba gari lenye kuta zilizopinda lilikuwa limemshinda.

Gari lenyewe lilikuwa Hiace ya shemeji yangu Perpetua, mjane wa kaka yangu Gerald. Perpetua ni fundi cherehani. Kaka alipokuwa hai walikuwa na chumba cha kushonea karibu na stendi ya Kilosa. Baada ya msiba, Perpetua aling'oa viti vya abiria katika Hiace iliyobaki kutoka biashara yao ya zamani ya kubeba abiria, akapakia cherehani mbili, akaanza kuwafuata wateja huko huko waliko. Hufuata siku za minada. Leo yuko Masanze akishona sare za shule, keshokutwa yuko Ruhembe akitia viraka katika ovaroli za wakata miwa, na mwisho wa juma yuko Mikumi kando ya barabara kuu, ambako madereva wa malori humletea mapazia ya kabini, mashuka, na suruali zilizopasuka mahali ambapo hawapendi kupataja. Usiku hulala garini, kwa kuwa vitambaa vya watu haviachwi bila mlinzi.

Shida ilikuwa nafasi. Majora ya vitambaa na mafurushi ya sare yalijaa sehemu yote ya nyuma, naye alilala ameketi kwenye kiti cha dereva, shali mabegani, miguu ikining'inia karibu na pedali. Miguu hiyo ikaanza kuvimba. Daktari akamwambia kwamba ama alale amenyooka kama watu wengine, ama aache safari.

Mwanawe Goodluck, anayefanya kazi Morogoro, aliyasikia maneno hayo ya daktari na kuyashika nusu yake ya pili tu. Akapiga simu kusema kwamba atakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kwamba akimkuta mama yake bado analala kwenye kiti, ataondoka na Hiace akaiuze, na mama atahamia nyumbani kwake.

"Mtoto ananipenda, shemeji, sikatai," Perpetua aliniambia. "Lakini anataka kunitundika sebuleni kwake kama picha ya ubatizo. Mimi nikikaa sebuleni nitakufa na miguu mizuri."

Hakulia aliposema hivyo. Alikuwa akiuma uzi kwa meno. Lakini nilimfahamu vya kutosha kujua kwamba gari lile ndilo lililomrudishia usingizi na sauti yake baada ya kifo cha kaka, na kwamba likiuzwa, hakuna sebule ambayo ingeweza kumrudishia vitu hivyo mara ya pili. Nikamwambia kwamba jambo hili linatengenezeka. Kitanda kingewekwa nyuma, cherehani na pasi ya mkaa zingekaa chini yake, na juu ya kitanda ingejengwa rafu ya kubeba majora na mafurushi yote. Bila rafu, kitanda kisingemsaidia kitu, kwa maana mizigo ingerudi kukaa juu ya godoro naye angerudi kitini. Nami nilimjua seremala.

Mwinshehe alizaliwa katika kambi ya mkonge, baba yake akiwa mkata mkonge, na ujanani alijifunza useremala katika karakana ya misheni, Mwislamu pekee kati ya vijana wa milimani waliokwenda kusali kila saa sita mchana huku yeye akiachiwa randa zote. Husema kwamba ndiyo sababu aliwapita: waliposali yeye alifanya mazoezi, na sala zake mwenyewe alizisali nje ya saa za kazi. Viti vya kanisa letu ni kazi yake. Karakana yake iko Chanzuru, chini ya paa la bati lisilo na kuta, na redio yake haizimwi isipokuwa timu yake ikifungwa, siku ambayo hata msumari haupigiliwi. Si mtu wa kujishusha. Akikabidhi kazi huvaa koti la suti juu ya nguo zenye vumbi la mbao, akasimama kando ya kabati au mlango kama baba wa bibi harusi. Na ana desturi yake moja ambayo wateja huicheka: hakubali vipimo vya karatasi. Ukitaka kiti atakukalisha, ukitaka kitanda atakulaza, kisha atakupima ulivyo, miguu na vyote.

Tulimkuta akipiga randa.

"Shikamoo, mzee," nilisema, na Perpetua akasema hivyo hivyo.

"Marahaba, mwalimu. Marahaba, mama Goodluck. Ndilo hilo gari?" Alilizunguka, akaligonga bodi kwa vifundo vya vidole, akachungulia ndani. "Sasa mama, unataka gari au unataka gesti?"

"Nataka gesti ninayoendesha mwenyewe, isiyo na muziki wa baa ukutani."

"Na chai ya asubuhi?"

"Utaniletea wewe."

"Mimi? Hiyo chai Bi Tatu atanimwagia kichwani kabla sijafika getini." Bi Tatu ni mkewe, na alikuwa uani akipepeta mchele, tulimsikia akiguna. "Umesikia? Haya, ingia. Lala hapo kwenye mkeka nikupime."

"Nilale mbele ya mume wa mtu?"

"Mimi sikutazami wewe, natazama futi kamba."

Kitanda kilikamilika upesi, na kilikuwa kizuri. Kililala upande wa madirisha ya kulia, cherehani zikaingia chini yake kwa usawa kamili, na Perpetua alipojinyoosha juu ya godoro alifumba macho akasema asisumbuliwe na mtu hadi Pasaka. Ilibaki rafu. Hapo ndipo nilipoingilia.

Sijui kwa nini sikuweza kumwachia mzee kazi yake. Labda nilitaka na mimi nimfanyie shemeji kitu kwa mikono yangu, na mikono yangu haijui zaidi ya kushika chaki. Nilichukua penseli ya seremala, nikachora juu ya kipande cha plaiwudi. Boriti mbili ndefu zingekwenda sambamba juu ya kitanda, moja upande wa madirisha na nyingine upande wa njia, ile ya madirishani ikiwa chini kidogo. Juu yake zingepangwa mbao fupi fupi, moja baada ya nyingine, kutoka kichwani hadi miguuni, zote zikiwa zimeinama kidogo kuelekea ukutani. Mteremko huo ungefanya majora yaegemee ukuta kila gari linapoingia makorongoni, badala ya kubingirika na kumwangukia aliyelala. Nilijipongeza kwa mteremko ule.

Mwinshehe aliutazama mchoro wangu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nani kakufundisha kuchora hivi?"

"Ni hesabu tu, mzee."

"Hesabu," alirudia.

Akamwomba Perpetua alale tena ili apime nafasi ya kichwa. Akachukua ubao wa kwanza, akauegemeza jinsi nilivyochora, juu upande wa njia na chini upande wa ukuta, sawasawa na kifua cha shemeji. Mikono yake ikasimama. Nilidhani anatafuta usawa. Kisha akauondoa ubao, akaufuta kwa kiganja kama mtu aliyeuchafua, akasema, "Inuka, mama. Mbao hizi bado mbichi, zitapinda."

Nilizishika mwenyewe alipogeuka. Zilikuwa kavu kabisa.

Ndipo zikaanza siku zile nilizozitaja. Nilipokwenda mara ya pili nilimkuta anamalizia milango miwili ya mtu mwingine, kwa hiyo keekee iliyoharibika ilikuwa imepona kwa ajili ya milango. Perpetua alikuwa amerudi katika safari zake, mafurushi juu ya kitanda kipya, yeye kitini. Nilipomwona Mikumi, akiwa ameweka mguu mmoja juu ya kigoda huku anashona, hasira ikanipanda kwa niaba yake. Nikamtafuta fundi wa kuchomelea hapo hapo Mikumi, kijana hodari anayeitwa Evance, ambaye aliniahidi rafu ya chuma itakayodumu kuliko gari lenyewe. Perpetua alikataa.

"Kitanda kakitengeneza Mzee Mwinshehe, na rafu ni yake."

"Jumamosi ya Goodluck inakaribia, shemeji."

"Najua kalenda."

"Mzee kashindwa, ila anaona aibu kusema."

"Wewe umemwona ameshindwa. Mimi nimemwona ananisaidia kushuka garini kana kwamba nimebeba mayai. Mtu wa namna hiyo ana jambo. Ngoja lishuke."

Sikungoja. Nilikwenda Chanzuru nikamwambia mzee, kwa lugha niliyoona ni ya adabu, kwamba kama kazi ya gari ni ngumu hakuna ubaya kusema.

"Ngumu?" Aliisukuma randa hadi utepe wa mbao ukaruka na kutua begani pangu. "Mwalimu, mimi nimewahi kupitisha kabati katika mlango mdogo kuliko kabati."

"Basi tatizo nini?"

"Tatizo ni kwamba unauliza nikiwa na randa mkononi. Nenda, utaniona."

Jumanne iliyotangulia ile Jumamosi, alifariki mzee mmoja wa Chanzuru, jirani yake Mwinshehe, mtu aliyekula chumvi nyingi na aliyeacha wajukuu wa kutosha kuijaza shule. Nilikwenda msibani kama ilivyo kawaida yetu. Hapa Kilosa hatuulizani dini pale panapochimbwa kaburi. Lakini ni lazima niseme vizuri jinsi ninavyohudhuria. Katika miaka yangu yote nimehudhuria maziko mengi ya Waislamu, na yote nimeyahudhuria kwa nyuma, penye kivuli, pamoja na walimu wenzangu, tukizungumza kwa sauti ndogo kuhusu mvua na uhamisho. Tulidhani kusimama mbali ni heshima. Huenda ni heshima kweli. Ila mtu anayesimama mbali kwa heshima hivyo hivyo hapati kuona.

Siku hiyo nilifika mapema mno. Msiba ulikuwa bado nyumbani, na Mwinshehe alikuwa karakanani akikata mbao. Hukata mbao za maziko kwa ajili ya yeyote wa msikitini kwao, na siku hizo redio hunyamaza.

"Mwalimu, umekuja wakati mzuri," alisema. "Vijana wako kaburini. Shika hizi."

Tukazibeba mabegani hadi makaburini, mbao fupi fupi, zilizorandwa upande mmoja. Kaburi lilikuwa tayari, na chini yake, upande mmoja, ulikuwa umechimbwa ule mfereji mwembamba wa kumlaza maiti, ambao huitwa mwanandani. Mwinshehe alivua koti, akashuka ndani ya kaburi tupu ili ajaribishe mbao kabla ya watu kufika, kwa maana hapendi ubao urekebishwe marehemu akiwa amekwisha kulazwa. Nikawa nampa mmoja mmoja. Akauegemeza wa kwanza: juu upande huu, chini upande wa ukuta. Akaweka wa pili kando yake, na wa tatu, kutoka kichwani kuelekea miguuni, zote zimeinama kidogo.

Sikuwahi kuuona mchoro wangu ukiwa umetengenezwa vizuri namna ile.

Nilimpa mbao zilizobaki. Naye hakunitazama hata mara moja, jambo ambalo lilinithibitishia kwamba alijua ninachotazama.

Baada ya maziko tulirudi pamoja, nyuma ya watu.

"Mzee," nikasema, "zile mbao zangu za kwenye gari."

Alitembea hatua kadhaa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikaona kwamba anacheka, cheko lililokuwa limezuiwa kwa siku nyingi. "Mwalimu, mimi nimekata mbao za maziko tangu ndevu hazijaota. Sijapata kuona kaburi lenye madirisha ya vioo na matairi manne. Ulipolichora nikasema, kweli elimu imefika mbali."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mbele ya mama? Kalala pale, miguu imemvimba, mwanawe anataka kumchukulia gari, halafu mimi nimwambie, mama, hapo ulipolala pamefanana na mahali fulani. Angelala tena hapo?"

"Lakini ungeniambia mimi, pembeni."

"Wewe ungenyamaza?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikajipima, nikaona kwamba ningekwenda kumweleza shemeji jioni ile ile, kwa ufafanuzi, na pengine kwa mchoro wa pili.

"Yeye ni Mkristo," nikajaribu. "Asingejua mbao zikipangwa hivyo maana yake nini."

"Mimi ningejua. Kila mara Hiace ile ingepita hapa ikipiga honi, mimi ningesema moyoni, yule pale nimemfunika kwa mikono yangu, na bado ananipungia."

Nikafikiri kidogo. "Basi mbao tuzilaze kwa urefu, bapa, bila mteremko. Mbili au tatu ndefu, kutoka kichwani hadi miguuni."

"Kama mfuniko."

"Kama..."

"Majeneza ya kwenu nimetengeneza mengi, mwalimu. Mfuniko naujua." Na hapo tulicheka wote wawili, tukitoka makaburini, hata waliotutangulia wakageuka kututazama kwa mshangao, na mzee ikambidi ajifanye anakohoa.

Tulipofika kwake tuliketi uani. Mbao zilikuwa zimekataliwa na dini zote mbili. Nikataja wavu, kama ule wa golini, ufungwe kutoka ukuta hadi ukuta. Akasema wavu hulegea, na kwamba mwezi wa pili jora la khaki lingekuwa limekaa juu ya pua ya mama. Chuma cha Evance akakitupilia mbali kwa mkono mmoja: chuma juu ya kichwa cha mtu, barabara ya Mikumi ile? Mimi nilikuwa nikifikiria, kwa uvivu wa mtu aliyekwisha kushindwa, mahali pengine ambapo nimewahi kulala nikiwa na kitu kizito juu yangu nisiogope, na nikakumbuka shule ya bweni, kitanda cha chini, na mwenzangu Nikolaus akijigeuza kule juu usiku kucha.

"Dabodeka," nikasema.

"Nini?"

"Kitanda juu ya kitanda, mzee. Kama bwenini. Majora yalale kitanda cha juu."

Mwinshehe alinyanyuka. Sikumbuki kama alinisifu; nadhani hakunisifu. Alichosema ni, "Kitanda kinawambwa." Akamwita Bi Tatu, wakazungumza haraka kwa lugha yao ya nyumbani, na baada ya muda mfupi nilimwona mama yule akitoka na marobota ya kamba za mkonge na sura ya mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa.

Kazi ilianza asubuhi iliyofuata. Perpetua alileta gari na kushusha mizigo yake chumbani kwa mzee na Bi Tatu, kisha akarudi mjini. Mzee alitengeneza fremu ya mbao nyepesi, yenye ubao mwembamba wa ukingo upande wa njia ili majora yasitoroke, akaifunga kwenye nguzo za bodi kwa vyuma vidogo vya pembe. Kisha yeye na Bi Tatu wakaiwamba kwa kamba zilizolowekwa, wakivuta kwa mguu na mkono, kamba juu, kamba chini, kama vilivyowambwa vitanda vya zamani. Nami nilipewa upande wangu. Bi Tatu aliufungua baada ya chakula cha mchana na kuuanza upya, akasema, "Usijali, mwalimu, imetusaidia kulainisha kamba." Ijumaa kamba zilikuwa zimekauka na kukaza hata ukizigonga zinalia.

Jumamosi Goodluck alishuka kwenye basi Kilosa, akachukua bodaboda hadi Chanzuru. Alitukuta sote tukiwa tumesimama kando ya gari, Mwinshehe ndani ya koti lake la suti.

"Shikamoo baba mdogo. Shikamooni wazee wangu. Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na mnunuzi au umekuja peke yako?"

"Mama, usinianze."

Alikagua kila kitu. Alitikisa fremu, akapapasa kamba, akapiga magoti kutazama cherehani chini ya kitanda. Nilimwona Perpetua akikunja na kukunjua ncha ya kanga yake. Hatimaye kijana akasema kwamba gari likisimama kila kitu ni kizuri; yeye anataka kuliona likitembea.

"Sawa," mama yake akasema. "Nina wateja Mikumi. Lala hapo."

"Mimi?"

"Si unasema litaniangukia? Lala likuangukie wewe kwanza, bado una nguvu."

Tukapakia majora yote juu, sare pamoja na khaki, Goodluck akajinyoosha chini yake, mimi nikakaa mbele na shemeji. Anayeijua njia ya Kilosa kwenda Mikumi ataelewa kwamba huo haukuwa mtihani mdogo. Perpetua hakupunguza mwendo popote ambapo kwa kawaida hapunguzi.

"Mama, taratibu!" sauti ilitoka nyuma.

"Ndiyo njia yangu ya kila wiki, baba. Kimeanguka nini?"

"Hakijaanguka kitu. Nimeruka mimi!"

"Basi rafu ni nzima. Tatizo ni mzigo wa chini."

Mikumi, kando ya barabara kuu, Goodluck alishuka akiwa na vumbi katika nyusi. Majora yalikuwa pale pale yalipopangwa, kamba zikiwa zimeyashika kama mkono ulioshika kikombe. Alijipangusa, kisha akaniambia, "Baba mdogo, mmenichangia." Akavua shati lake lililokatika kifungo njiani, akampa mama yake, akasubiri basi la Morogoro akiwa amevaa fulana. Ufunguo wa gari hakuuulizia tena. Perpetua alishona kile kifungo kwa uzi mwingi kuliko vifungo vinavyohitaji, na basi lilipoondoka alipanda garini, akafunga mlango, akalala mchana ule hadi wateja walipomwita.

Msimu wa sare ulipita, na miguu yake ilirudi katika viatu vyake. Alikuwa amemuuliza Mwinshehe siku ya makabidhiano kwa nini kamba badala ya mbao, na mzee alimjibu kwamba mbao zingepiga kelele njiani, jambo ambalo pia ni kweli. Nilitingisha kichwa kuunga mkono. Baada ya mavuno ndipo tulipomwambia, uani kwa Mwinshehe, mzee mwenyewe akisimulia na mimi nikionyesha kwa mikono. Perpetua alicheka hata akashika nguzo ya banda. "Yaani mmenificha kaburi langu mwenyewe? Shemeji, na hesabu zako zote!"

Ni katika kicheko hicho Bi Tatu alipoongeza jambo ambalo mumewe hakuwa amelisimulia, na ambalo lilimfanya mzee ainuke ghafla kwenda kutafuta msumeno. Alisema kwamba Ijumaa ile usiku, kamba zilipokuwa zimekauka, Mwinshehe aliyapakia majora yote ya mama Goodluck juu ya rafu, akachukua shuka, akaingia garini na kufunga mlango, akalala chali chini yake, kwa kuwa alitaka kujua mtu wa pale anaona nini akifumbua macho. Na kwamba yeye, ambaye kwa miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kukosa sala ya alfajiri msikitini, aliamshwa na mkewe jua likiwa limekwishapanda juu ya bati.